Mlio wa Reli ya Mzee Cheche

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi aliyechomelea mageti mengi mjini, Mzee Cheche. Tuna msiba, lakini nakiri kwamba shauku ya kuwasimulia maisha yake imenikosesha utulivu tangu asubuhi.

Miaka mingi iliyopita, moyo wake ulisimama akiwa karakanani. Akaokolewa. Madaktari wakampandikizia kifuani, chini ya ngozi, kifaa kidogo chenye betri. Mapigo yakivurugika, kifaa huushtua moyo urudie mwendo wake. Narudia: huushtua, hakiutibu; kuutibu ilikuwa kazi ya vidonge alivyoandikiwa.

Hapo ndipo mzee alipokosea.

"Nina askari kifuani, halali wala haombi likizo. Vidonge vya nini tena?"

"Askari hulinda nyumba, baba watoto," mkewe akamjibu. "Hapiki wala hafagii."

Mzee akacheka. Vidonge akavificha katika kopo la misumari. Siku moja, akipima mlango wa duka, kifaa kikamshtua akaanguka. Alipojaribu kuinuka, kikamshtua tena.

"Nilidhani nimepigwa teke na punda," alimwambia muuguzi hospitalini, "nikageuka kumtafuta."

Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba wenye kifaa hicho hawaishi miaka sawa. Nguvu ya moyo ina sehemu yake, umri una sehemu yake, na figo vilevile. Lakini dawa, kliniki na kuacha sigara vilikuwa mikononi mwake.

"Nitamwona kitinda mimba wangu akihitimu ualimu?"

"Hilo siwezi kukuahidi, baba. Ninachojua, vidonge havifanyi kazi vikiwa ndani ya kopo."

Basi mzee akabadilika! Sigara akaziacha. Mashine ya kuchomelea, ambayo umeme wake ungeweza kukivuruga kifaa, akamwachia mdogo wake. Yeye akabaki kupima na kuchora. Kila asubuhi, akishameza vidonge, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, ili mkewe asikie akiwa jikoni. Mtaa mzima ukajua: Cheche amemeza. Jirani yake mwenye kisukari naye akawa anausubiri mlio huo ili ameze vyake.

Je, alimwona binti yake huyo akihitimu? Alimwona, wasikilizaji, na akaendelea kuishi!

"Baba alikataa kuondoka mpaka nikaota mvi," anasema mwalimu huyo, akicheka huku akifuta machozi.

Juma lililopita mzee alifariki nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Asubuhi iliyofuata reli haikulia. Jirani alitoka na kidonge kiganjani, akasimama nje asijue la kufanya. Mjane alipomwona, akachukua nyundo, akagonga.

"Meza, shemeji," alimwambia.

Kwako mama, kwa mwalimu, kwa mdogo wa marehemu, na kwako jirani, poleni sana. Apumzike kwa amani.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tutafakari ni nani anayesubiri kusikia mlio wetu asubuhi. Na wewe ambaye dawa yako bado imo ndani ya kopo, nenda kameze kwanza. Tunakusubiri.