Ini la Émérance Halikurogwa

Mgeni rasmi, Daktari Mkaguzi wa afya kutoka Bukavu, mchungaji wetu, baba na mama mliofika: amani iwe nanyi.

KARIBU

Sisi akina mama wa Kasenga, pamoja na wauguzi wa dispansari yetu, tunakupokea kwa mioyo iliyotulia. Mara ya mwisho ulituona tukilia.

TULIKOTOKA

Uasi ulipofika Uvira, mwaka wa nne wa uhuru, tulikimbilia milimani. Miezi saba tulikula mihogo mitupu. Émérance, mke wa Cyprien mkulima wa mpunga, alikuwa nasi, mjamzito. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamekufa kabla ya kutimiza wiki. Kwa aibu tunakiri, Mheshimiwa: tulimwita mulozi, yaani mchawi.

Tuliporudi alijifungua msichana. Kwa furaha tukamlisha mbuzi, samaki na maziwa, asubuhi na jioni. Siku ya nne akatapika, akasema ovyo, akamsahau hata mtoto. Mama mkwe wake, Bibi Florentine, akaamuru arudishwe kwao Luberizi.

Cyprien akakataa. "Hapana, mama. Miye nimeona. Akikula nyama, akili inapotea. Akikula bugali ya mihogo, anarudi muzima."

Muuguzi Venant aliyaandika maneno hayo, akampakia Émérance kwenye kamyo la mizigo, akamleta kwako Bukavu.

TULICHOJIFUNZA

Tunayarudia uliyotueleza siku ulipomrudisha hapa, utusahihishe tukikosea. Nyama na samaki huacha sumu mwilini. Ini lina vimeng'enya vinavyoigeuza sumu hiyo itoke na mkojo. Kiasi cha vimeng'enya hivyo hakikai kimoja: chakula hicho kikizidi siku nyingi, mwili huagiza vimeng'enya vingi, kikipungua, huvipunguza. Émérance alizaliwa na upungufu wa kimoja. Miezi ya mihogo ikapunguza hata kile kidogo alichokuwa nacho, kisha sisi tukamjazia sahani kwa ghafla. Wale wavulana, ulisema, yaelekea walirithi upungufu huo kwa ukali zaidi, maana huwaumiza watoto wa kiume kuliko wa kike.

"Hapa hakuna bulozi," ulituambia. "Iko ini tu."

Cyprien alilia mbele ya watu. Leo Émérance anakula samaki kidogo kidogo, kama ulivyomwagiza, na yuko hapa, binti yake mgongoni.

YANAYOTUSUMBUA

Kabla yako tuliwafukuza wanawake wengine wawili tuliowaita wachawi. Hatujui waliko. Tena mvua ikinyesha, barabara ya Bukavu hukatika, na mgonjwa wa namna hii hangojei.

MAOMBI

Tunaomba Venant apelekwe Bukavu kusomea jambo hili. Tunaomba Émérance akipata mimba tena, ajifungulie kwako, maana mtoto akiwa wa kiume hatutaki kungoja mpaka augue kama wale wawili.

Ombi la mwisho ni la Bibi Florentine. Hajui kuandika, akatuambia: "Muandike kwamba nilikosa. Daktari asome kwa sauti, muke wa mutoto wangu asikie mbele ya wale walisikia nikimutukana."

Basi, Mheshimiwa, tunakupa karatasi hii uisome mwenyewe sehemu hiyo.

Mungu akulinde njiani, na mikono yako isichoke.

Ni sisi, akina mama na wauguzi wa Kasenga, Uvira.