Jina Alilolitaja Dorika

Gogo letu la kukalia hapa Ihanja liko mbele ya duka la kijiji, lile lenye mizani lakini halina cha kupima. Upepo wa hapa haupumziki, ndiyo maana jiko langu la kahawa nalikinga kwa goti. Wateja wangu ni walewale. Antipasi tunamwita Redio, kwa sababu anayo, na kwa sababu yeye mwenyewe hazimiki. Leonidas ni balozi wa nyumba kumi. Tunamwita Azimio, maana hakuna ugomvi asioufunga kwa Azimio la Arusha, hata ugomvi wa kuku. Isaka alipigana vita vya Wazungu huko Burma, basi ni Bama, naye anadai anawajua Wazungu mpaka ndoto zao. Wa nne ni Mughwai. Huyu alikuwa na jina la utani la kuchekesha, tukaliacha mkewe Dorika alipofariki, maana halikuitikiwa tena. Asubuhi hiyo Redio alikuja anakimbia, na mtu wa umri wake hakimbii ovyo.

REDIO: Wazee, picha yetu imeshinda!

BAMA: Picha gani tena?

REDIO: Ile ya watu wa sinema, waliokuja baada ya Operesheni ya kutuhamishia hapa, wakatupiga picha eti tunahama. Imetangazwa sasa hivi. Huko Ulaya kulikuwa na sherehe, watu na suti zao, unaitwa jina unapanda jukwaani unapigiwa makofi. Sasa sikilizeni. Mwigizaji bora wa kike ni mama wa kijijini, yule anayelia mbele ya tembe lake linaloezuliwa.

Wote tuligeuka tukamtazama Mughwai. Alikuwa amekipeleka kikombe mdomoni, kikaishia hapo.

MUGHWAI: Dorika.

REDIO: Nani mwingine?

Mwigizaji! Neno hilo lilinichoma, wacha niseme kwa nini. Watu wa picha walitaka mwanamke alie, na akina mama wote walikataa. Kwetu kilio cha msiba kina mwenyewe. Mwanamke hakipigi pasipo na maiti, na akikipiga lazima amtaje kwa jina anayemlilia. Ukilia bure, kifo kitakuja kumtafuta mtu wake. Bwana mkubwa wa kamera alibembeleza, akaahidi khanga, wapi! Ndipo Dorika akatoka katikati ya wenzake akasema, "Nitalia mimi. Ninaye wa kumlilia." Sisi wengine tulisukumwa ng'ambo hii ya korongo, lile linaloonekana pale kutoka gogoni, ili tusiingie kwenye picha, yeye akabaki kule mbele ya tembe lao la zamani. Mughwai naye alisukumwa. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Tuliuona mdomo wake ukitaja jina, hatukulisikia. Bwana mkubwa alipiga makofi kuonyesha yatosha, Dorika akaendelea. Wakafunga masanduku yao, akaendelea. Haukupita muda mrefu alishikwa na homa, akafa. Watu walisema amejiitia kifo mwenyewe. Nayachukia maneno hayo, lakini yalisemwa, na mengine yalisemewa papa hapa kwenye gogo.

AZIMIO: Mughwai, pole na hongera. Sasa hiyo tuzo ni kitu gani hasa?

REDIO: Sanamu. Ya dhahabu.

AZIMIO: Basi ni mali ya kijiji. Dorika alikuwa mwanakijiji, machozi yametoka kijijini. Tutaikata, kila kaya ipate kipande.

BAMA: Utaikata na nini, jembe? Hamwajui hao watu. Mzungu halii. Kule Burma nilimwona afisa kakatika mguu, anaulizia chai. Machozi kwao hayaoti. Ndiyo maana wamechukua ya Dorika.

REDIO: Wayafanyie nini?

BAMA: Dawa! Mtu akifiwa kule anaingizwa kwenye jumba lenye giza, anawashiwa Dorika, analia, anatoka kapona.

REDIO: Ee bwana, hapo umesema. Maana tangu waondoke, mvua zimekatika. Wamebeba machozi, wamebeba na maji. Kamera ile inavuta, niliiona inavuta!

AZIMIO: Ubeberu huo. Haba na haba hujaza kibaba.

BAMA: Haba na haba imeingiaje hapo?

AZIMIO: Imeingia. Haba ni zetu, kibaba ni chao.

REDIO: Halafu jukwaani aliyepanda ni yule bwana wa kamera. Kasema anaipokea kwa niaba ya mama yule, maana hakuweza kufika.

AZIMIO: Ndiyo hivyo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Azimio huzitupa methali kama mtu anayefukuza ndege shambani, hatazami jiwe limeangukia wapi. Hili lilimwangukia Mughwai. Aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa imejaa.

MUGHWAI: Sanamu siitaki. Ikateni, mle. Mimi nataka hiyo picha iletwe hapa, iwashwe mara moja tu.

BAMA: Umwone tena.

MUGHWAI: Nimsikie. Mle ndani alitaja jina. Nimeishi naye nyumba moja mpaka anakata roho, sikumwuliza ni jina gani.

REDIO: Si ungeuliza tu?

MUGHWAI: Niliogopa. Mtoto wetu wa kwanza, Cecilia, tulimzika kule kwenye tembe la zamani. Siku ya kuhama Dorika alitaka tupite kaburini kumuaga. Nikamwambia tukihama tumehama, twende. Tangu siku hiyo jina hilo halikutajwa kwangu. Sasa kama alimlilia Cecilia, basi alikuwa ananingoja mimi nami niseme neno. Na kama alijitaja yeye mwenyewe...

Hakumaliza. Niliwamiminia kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Ndipo likaingia lori litokalo Shelui, likapiga breki na kutufunika vumbi. Akashuka dereva, kijana Chrispin, ambaye hupita mara mojamoja.

CHRISPIN: Shikamooni wazee.

WOTE: Marahaba.

CHRISPIN: Mbona kama kuna msiba?

REDIO: Hapana, kuna ushindi. Picha iliyopigwa hapa imepata tuzo Ulaya. Mama anayelia mbele ya tembe.

CHRISPIN: Ahaa, hiyo! Nimeiona Dodoma. Gari la sinema lilisimama uwanjani, wakatundika shuka. Yule mama, jamani! Uwanja mzima tulilia, mpaka wauza karanga.

Mughwai alisimama. Alimshika kijana mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mkwe anavyoshikwa.

MUGHWAI: Mwanangu, ulimsikia? Alitaja jina gani?

CHRISPIN: Jina? Hasikiki, mzee. Mdomo unauona unakwenda, lakini sauti yake wameitoa. Wameweka ngoma, na bwana mmoja anaeleza habari za mavuno.

AZIMIO: Yote wameitoa?

CHRISPIN: Yote. Mwanzo mpaka mwisho ni ngoma.

Mughwai aliuachia mkono ule polepole. Kijana wa watu hakujua amesema nini. Alipokea kikombe, akapuliza, akatutazama mmoja mmoja.

CHRISPIN: Kwani si nyie ndio mliokuwepo? Alikuwa anamlilia nani?

Redio alitazama redio yake. Bama alitazama viatu. Azimio alifungua mdomo, nikajua anatafuta methali, akaufunga. Mimi nilishika birika, nalo lilikuwa jepesi. Limebaki tope la chini tu. Sisi sote tuliokuwa ng'ambo hii ya korongo siku ile, wazima na masikio yetu, tulisimama tukatazama mwanamke analia kama watu wanaotazama sinema.

Chrispin alimaliza kahawa yake. Kisha akaaga, akaondoa lori kuelekea Manyoni. Vumbi lilipotulia tulimwona Mughwai ameshafika ukingoni mwa korongo. Alikuwa amegeukia kule kwenye tembe la zamani, mkono nyuma ya sikio, na upepo unatoka kwetu kwenda kule.