Minyoo ya Delbert

Kwenye basi la bwawani, hapa Chattanooga, mbele yangu alikaa mama aliyeshika fimbo ya kuvulia kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Mapajani alikuwa na kopo la siagi limejaa minyoo ya plastiki laini, ile ya kuvulia samaki aina ya bass ukiwa umesimama ukingoni. Mzee wa kiti cha pembeni, kofia imejaa ndoano, akachungulia bila kuombwa.

"Mama, nani kaichanganya hii? Nyeusi na nyeupe haikai pamoja, inachujiana rangi. Ona ilivyoyeyuka ikagandana!"

"Mimi. Ilikuwa imezagaa kwenye vifuko, nikampangia mume wangu. Delbert aliitumia hivi hivi mpaka alipofariki mwezi wa nne."

"Haiwezekani. Samaki gani atauma uji huu?"

"Wewe unajua nini? Kila Jumamosi alikuwa ananiambia, Verlene, leo wameigombania."

"Uliwaona hao samaki?"

"Alikuwa anawarudisha majini. Si ndivyo mnavyofanya nyote?"

Mzee akaacha kuchungulia kopo, akajishughulisha na ndoano za kofia yake. Kwa mjuaji kama yule, nadhani kuyaacha hapo kuliuma.

Mama akalitazama kopo. "Kumbe alikuwa hapati kitu," akasema taratibu, "na anarudi anacheka."

"Labda samaki wa bwawa letu ni wajinga, mama. Labda waliuma kweli."

Basi likasimama. Mama akabandua mnyoo mmoja kwenye ule uji, akamnyooshea mzee pamoja na fimbo.

"Nifungie huu huu."