Baba Anakwenda Kufundisha Kubana Matumizi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri zamu, lakini siku hizi wateja wanasubiri wamesimama, maana benchi limetekwa. Kona ya kushoto ni ya Mstaafu, aliyekuwa karani wa stoo miaka thelathini na mpaka leo anahesabu vikombe vya kahawa kabla hajanywa. Katikati anakaa Waya, fundi umeme, mtu wa kubishana hata na redio. Kulia ni Sindano, fundi cherehani, duka lake na kibanda changu vinagusana ukuta. Siku hiyo, saa sita mchana, Sindano alitoka dukani kwake tepu ya kupimia ikiwa shingoni na karatasi ikiwa mkononi, uso kama mtu aliyeitwa polisi.

— Jamani, nimekwisha!

— Kuna nini? — Waya akaruka, kahawa ikammwagikia suruali.

— Shule ya binti yangu. Mwalimu wao ananitaka darasani leo saa nane. Niende kufundisha!

— Wewe? Ukafundishe nini, kukunja pindo?

Nikamnyang'anya ile barua, nikaisoma kwa sauti. Kila mwaka akina mama huja kuwaeleza vijana jinsi familia zinavyobana matumizi ya kila siku. Mwaka huu wanaomba baba mmoja. Binti yako ndiye aliyetoa jina lako.

— Baba! — Mstaafu akashika kichwa. — Makubwa haya! Na barua imekuja leo leo?

— Wiki iliyopita. Niliitia kwenye mfuko wa koti bila kuisoma, nikaisahau, kumbe koti lenyewe ni la mteja. Amekuja kulichukua sasa hivi ndiyo ikaonekana.

— Usiende. Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Umesikia baba akitajwa hapo? Hatajwi!

— Methali hiyo haina maana hiyo, Mstaafu.

— Ina maana gani basi?

Sindano alikaa, akaifunga tepu kidoleni, akaifungua.

— Asubuhi binti ameniambia, "Baba, nimewaambia wenzangu kwamba wewe unajua. Usiniaibishe." Sikumwelewa mpaka nilipoisoma barua hii. Mnasikia? Nikichekwa mimi, anachekwa yeye. Nisaidieni.

Kusaidia ndiyo kazi yetu. Waya ndiye aliyetangulia.

— Waambie habari ya tundu.

— Tundu gani?

— Ukuta kati ya chumba na chumba unautoboa juu, balbu unaining'iniza pale pale tunduni. Balbu moja, vyumba viwili. Kwangu nimefanya hivyo.

— Na watoto wakiwa wanasoma, wewe unataka kulala?

— Nalala na kofia usoni.

— Mungu wangu!

— Bado! Jirani yangu akikubali, natoboa ukuta wa upande wake. Balbu inakaa kwake, mwanga unaingia kwangu.

— Na yeye akizima?

— Akizima, saa ya kulala imefika. Halafu hilo friji, waliuze! Wahenga wamesema akiba haiozi. Kama haiozi, friji la nini?

Mstaafu alimsikitikia, akatikisa kichwa kama karani aliyeona stakabadhi ya uongo.

— Umeme ni jambo dogo. Matumizi yanaliwa na wageni. Mgeni akibisha wakati wa chakula, familia nzima mnavaa viatu. Mnafungua mlango mmejipanga: "Loo, umetukuta ndiyo tunatoka!" Mnamsindikiza mpaka barabarani, mnazunguka nyuma, mnarudi mezani.

— Chakula kimeshapoa!

— Kimepoa, lakini kipo chote.

— Na mgeni akisema, "Basi ngoja niwasindikize ninyi"?

Mstaafu akakohoa.

— Ilitokea mara moja. Tulitembea mpaka giza likaingia.

Na mimi sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema familia nzima inyolewe vipara, kuanzia bibi mpaka kitinda mimba, wasahau mafuta ya nywele, wasahau vitana.

— Wewe unajitafutia wateja! — Sindano akafoka. — Mimi naungua, nyinyi mnaota moto! Acheni, ninalo langu. Nimelikumbuka sasa hivi, na nyote mtashika adabu.

Akasimama kabisa.

— Kila asubuhi, kabla sijatoka, namwachia mke wangu pesa ya matumizi juu ya kabati. Pesa hiyo nilianza kumwachia wakati binti yangu anang'oka meno ya utoto. Leo ana miaka kumi na tano. Haijapanda hata senti!

Benchi zima likapigwa na bumbuwazi.

— Miaka minane? — Waya akauliza.

— Minane! Na hakuna siku tuliyolala njaa.

— Minane! — Mstaafu akavua kofia yake, kitu ambacho hafanyi hata mbele ya wakubwa. — Stoo nzima ya serikali haikuwahi kuwa na mtu kama wewe. Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe umechuma, umekula na wako!

Hata mimi niliona wivu, nasema kweli. Nikampa mkono. Sindano aling'aa, akaomba kikombe cha pili.

Ndipo binti yake akatokea, amevaa sare ya shule, daftari amelikumbatia kifuani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama, marahaba.

— Baba, nimekuja kukuchukua. Umeshajua utasema nini?

— Nimejua vizuri sana! Nitasema pesa ya matumizi haijapanda miaka minane.

Binti hakucheka wala hakukasirika. Alilifungua daftari.

— Miaka minane iliyopita, kupunguza suruali ulikuwa unatoza kiasi gani?

— Lo! Hata nusu ya leo haifiki. Uzi umepanda, zipu zimepanda, kodi ya chumba imepanda. Ningebaki na bei ile ningekuwa nimeshafunga duka.

— Na mafuta ya kupikia? Na unga? Na sabuni ya kufulia?

— Navyo... — Sindano akatutazama. — Navyo vimepanda, si ndiyo?

Tukatazama chini. Miongoni mwetu, wanaume wanne wenye ndevu zao, hakuna aliyejua kipande cha sabuni kinauzwa bei gani.

— Basi, Baba — binti akasema polepole. — Pesa ni ile ile, vitu vimepanda, na sisi tunakula kila siku. Inayopelea inatoka wapi?

Mstaafu alianza kuhesabu vikombe vitupu. Waya hakuweza kuvumilia.

— Labda anakopa.

— Mama hakopi.

— Au labda kuna mtu anayem... — Mstaafu alianza, akaona macho ya Sindano, akayameza maneno yake pamoja na machicha ya kahawa.

Sindano alimgeukia binti yake. Sauti ilimtoka ndogo.

— Wewe unajua?

— Najua. Mama anashona vifungo. Vya mashati, vya lile duka kubwa la sare. Wanayaleta ukishatoka, wanayachukua kabla hujarudi. Anashona kwa mkono. Huu ni mwaka wa tano.

— Vifungo! — Sindano akapayuka, watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. — Anawashonea watu baki, na mimi mumewe ni fundi? Kwa nini hakuja kwangu?

— Alikuja, Baba. Alikuomba akae hapa dukani akusaidie. Ukamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja.

Jamani. Siku hiyo nilikuwepo. Mke wa Sindano alisimama pale pale mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na Sindano alipotoa ile methali mimi nilicheka mpaka mteja akaniambia niangalie wembe. Mwanamke wa watu aliaga kwa heshima, akaenda zake. Nikikumbuka sasa naona haya.

— Mbona hakuniambia? — Sindano alisema, na safari hii hakuwa anafoka.

— Aliniambia nisiseme mpaka uulize mwenyewe. Nikangoja sana. Mwisho nikatoa jina lako kwa Mwalimu, nikajua huko lazima utauliza.

Sindano aliitazama karatasi ya shule, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Aliingia dukani, akaifunika cherehani, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli.

— Mama yuko nyumbani saa hizi?

— Yupo. Leo wamemletea mashati thelathini.

Akaanza kutembea. Binti akamkimbilia.

— Baba, shule iko huku!

— Najua, mwanangu. Twende kwanza nikamwombe mama yako radhi. Akinikubalia, saa nane atafundisha yeye, na mimi nitakaa na wanafunzi.

Wakaondoka, yeye na tepu yake bado shingoni. Waya alinigeukia, akaniuliza mke wangu namwachia ngapi, na tangu lini. Nikamwambia kahawa imekwisha, kila mtu akafanye kazi zake. Nikaingia kibandani, nikarudisha mlango, nikampigia mke wangu simu. Nikamuuliza mafuta ya kupikia siku hizi ni bei gani.

Nikamsikia akiweka sufuria chini. Kisha akasema kwa hofu:

— Baba watoto, niambie ukweli. Nani amekufa?