Ametulia, Hajapona

Waombolezaji wenzetu, familia imeagiza maisha ya mama yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Mama Chupa, yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na kosa ambalo mwenyewe hakutaka lifichwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1960, mtoto wa tatu wa mwashi, akamaliza shule ya msingi mwaka 1974, akajifunza ushonaji miaka miwili, na tangu hapo akawa anashona sare za shule katika chumba cha mbele kilichojaa vumbi la vitambaa. Alifunga ndoa na fundi bomba tarehe 18 Desemba 1983, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1986 na wa kike mwaka 1992.

Mwaka 2000 binti aligundulika kuwa na pumu, daktari akatoa dawa mbili za kuvuta, moja ya kufungua kifua kikibana, nyingine ya kuzuia kisibane, ya kila siku. Baada ya miezi mitatu bila kikohozi, marehemu aliutangazia mtaa kuwa mtoto amepona, akaifungia kabatini ile ya kila siku, maana dawa ya mzima ni ya nini. Tarehe 6 Februari 2001, saa nne asubuhi, binti alibanwa kifua kando ya cherehani, mbavu zikizama kwa kila pumzi, midomo ikibadilika rangi, akashindwa kulimaliza hata neno "mama".

Hospitalini muuguzi alitoboa kitako cha chupa ya maji ya plastiki, akachomeka dawa, mtoto akavutia mdomoni mwa chupa taratibu hadi kifua kikafunguka, ndipo muuguzi akamwambia marehemu kwamba pumu ya mtoto hutulia kwa sababu ya dawa, hivyo asiite kutulia kupona. Marehemu alihamishia cherehani barazani ili vumbi la vitambaa lisimfikie binti, akawatobolea chupa kina mama wengine, hata mumewe akalalamika kwamba nyumba nzima imekosa chupa ya kunywea maji, na kila sare ya mtoto mwenye pumu aliishonea mfuko wa ndani wa kubebea dawa.

Alipatwa na kiharusi tarehe 14 Aprili 2024, akafariki tarehe 2 Mei, saa moja asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumuuguza kitandani, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoziacha zimekatwa.

Mama, binti yule ndiye anayesoma hapa, na amefika mwisho bila kukatika pumzi. Nawe sasa pumzika kwa amani.