Ukurasa wa Shukrani wa Dada Bei Gani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa marehemu kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye sokoni, kwa sababu ya swali lake la kila siku, aliitwa Bei Gani, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi 1985, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anauliza kupita kiasi, na baba akaibandika ukutani kwa fahari.

Tarehe 2 Januari 1989 aliajiriwa ofisi ya takwimu kuwa karani wa bei, kazi ya kuzunguka masokoni akiuliza nyanya, sabuni na mafuta vinauzwaje, na kwa kuwa aliona haya kuuliza bila kununua, kila siku alirudi na nyanya, mpaka mumewe, fundi umeme aliyefunga naye ndoa tarehe 6 Agosti 1994, akalalamika kwamba hakuoa mke, ameoa soko. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1996 na mwana mwaka 1999.

Shahada mbili za kwanza alizipata kwa masomo ya jioni, na Oktoba 2015, akiwa na miaka arobaini na saba, alianza shahada ya uzamivu katika uchumi, akichunguza jinsi bei zinavyopangwa sokoni, nasi tukamtania kwamba atahitimu pamoja na wajukuu.

Februari 2018, baada ya miaka miwili ya kukusanya bei, alishikwa na mafua akamtuma mumewe, ambaye alirudi na bei za juu mno, akaambiwa hajui kununua, akaapa, wakaenda wote wawili, na muuza nyanya akamweleza dada bila kupepesa macho kwamba zile alizozoea ni bei zake yeye, mteja wa siku zote, wala si bei za watu.

Madaftari kumi na moja ya bei yakawa kazi bure. Alilia, hatufichi, na profesa aliyemsimamia akamsihi apumzike wiki nzima, lakini siku ya tatu alirudi kumwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, ila mtu anaweza kuuliza yalimwagikaje, akaanza upya, akiandika bei ya anayejulikana na bei ya mgeni, mumewe akiwa mgeni rasmi wa kila soko, na kosa lile ndilo likawa moyo wa tasnifu yake.

Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Tarehe 9 Novemba aliitetea tasnifu akiwa ameketi, akafaulu kwa sharti la marekebisho, aliyoyamalizia wodini binti yake akichapa, isipokuwa ukurasa wa shukrani, aliouahirisha kila siku kwa kuogopa kumsahau mtu. Alifariki tarehe 21 Januari 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, akiwa amemwachia mdogo wake ukurasa huo, kwa kuwa ndiye aliyevumilia maswali yake kwa miaka mingi kuliko wote.

Chuo kimesema kwamba ukurasa ukifika kabla ya Ijumaa, shahada yake itatolewa, kwa hiyo haya tunayoyasoma sasa mbele yake yatafungwa kitabuni kama yalivyo.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi waliosubiri amalize aya ndipo wachome sindano, majirani waliopika kwetu bila kuombwa, makarani wenzake waliozunguka masoko yake pamoja na yao, profesa kwa subira, na wauza nyanya, ambao leo wamefunika meza zao, kwa kumpa bei ya mtu wao, na siku alipouliza, kumwambia ukweli.

Dada, tukiwa tumemsahau mtu, lawama ni zetu, ukurasa wako umekamilika. Pumzika kwa amani, Daktari.