Mama Hadubini Anatuachia Kanzidata Iliyo Wazi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika maabara yetu ya maji, mhariri wa kanzidata ya vijidudu vya majini, ambaye sote tunamwita Mama Hadubini, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwa kawaida yeye ndiye anayesahihisha jarida hili. Safari hii limechapwa bila yeye kuliona, kwa hiyo tunaomba radhi mapema.

Alianza kwa kuosha vioo vya hadubini. Siku hizo kila maabara ilifungia picha zake za vijidudu kabatini kama siri za ndoa. Yeye ndiye aliyeshawishi maabara tisa zijenge kanzidata moja mtandaoni, ambamo yeyote anayefanya kazi na maji, awe profesa au fundi wa bwawa, angeweka picha ya alichokiona na wenzake wakamsaidia kukitambua. Nyumbani alijaza chupa za sampuli kwenye friji, mpaka mumewe akajifunza kuuliza kabla ya kunywa.

Mwaka wa pili wa kanzidata, nusura yote yafe. Fundi mmoja alituma picha ya kiumbe cha duara chenye ukingo mweusi. Wataalamu watatu wakakibishania wiki nzima. Mmoja alishakitafutia jina. Kumbe kilikuwa kiputo cha hewa chini ya kioo! Mkurugenzi wa maabara yetu akaagiza ukurasa wa picha hiyo ufutwe, na kuanzia hapo waandike maprofesa peke yao. "Mama, hii si kanzidata tena, ni jaa," alisema kikaoni. Naye akajibu, "Sawa, mzee. Niazime hilo jaa miezi mitatu. Nikishindwa, utalifunga mwenyewe." Akaongeza kwamba kosa moja haliachi mke. Kikao kizima kilicheka, isipokuwa mkurugenzi.

Hakufuta kitu. Alifungua sehemu mpya, "Vilivyotudanganya," akaweka kiputo kile juu kabisa pamoja na maelezo ya namna ya kukitambua. Chini yake akaweka uzi wa sweta yake mwenyewe, ambao aliwahi kuuita mwani. Mafundi waliokuwa wakiogopa kuchekwa wakaanza kutuma picha, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Hatimaye hata mkurugenzi alituma yake: unywele wa kope. Mwaka juzi fundi wa bwawa la mbali alilinganisha maji yake na picha za kanzidata, akatambua mwani wenye sumu, na maji yakazuiwa kabla ya kufika majumbani.

Tangu tuliposikia anastaafu, tumekuwa na hofu ambayo hatukuthubutu kuisema mbele yake. Ile miezi mitatu haikuongezwa kamwe kwa maandishi. Ruhusa ilisimama kwa heshima yake tu. Akiondoka, je, mafundi wangefungiwa nje? Jana mkurugenzi alileta sentensi moja, akaagiza ichapwe bila kuguswa: "Kuanzia leo, haki ya kuandika katika kanzidata ni ya kila anayechota maji na kuyatazama, na haina muda wa mwisho."

Asante, Mama, kwa kutufundisha kukosea hadharani na kesho yake kurudi kazini. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono na miaka mingi ya furaha pamoja na jamaa zako. Na ukiona kitu cha ajabu majini, tuma picha kama sisi wengine.